Mlima Kenya au Rwenzori?

Ndugu, kwa siku tano za Februari ulizonazo, na hujawahi kuvuka mita 4,000, nenda Mlima Kenya. Panda kwa njia ya Sirimon, shuka kwa ile ya Chogoria: upande huo unapita juu ya Ziwa Michaelson, lililokaa chini kabisa ya magenge, na hapo utasimama hata kama pumzi bado unayo. Kilele cha Lenana, mita 4,985, hakihitaji kamba.

Rwenzori ni pori zaidi, sibishi. Ila Margherita, kilele chake kirefu kuliko vyote, inataka kama wiki nzima, kamba, na vyuma vya kufunga viatuni kwa ajili ya barafu. Tena matope! Watu hutembea na gambuti, wakirukia vichuguu vya nyasi wasizame hadi magotini. Iweke mwakani.

Usiku wa kwenda Lenana, chupa ya maji ibebe ndani ya koti, isigande.