Barua kwa mwanangu: Wanajoka waanzie kisimani

Langoni, Lamu

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Barua yako imefika, nasi huku tu wazima, alhamdulillahi. Umeniambia unaandika ngano ya kabila la jangwani, Wanajoka, ambao babu yao mkuu ni joka. Umewapa pembe, magamba mgongoni na moto kinywani, lakini kila ukiwasoma unaona ni watu wa kawaida waliojivika ngozi. Ukaniuliza: mila zao zianzie wapi?

Zianzie kisimani. Weka kalamu ya ngano chini kwanza, chukua karatasi upige hesabu.

Mtu anayetembea jangwani juani hutoka jasho kama lita moja kwa saa. Ndiyo maana misafara hutembea usiku na alfajiri, mchana ikalala kivulini. Hata hivyo mpe kila mtu lita 5 kwa siku, za kunywa na kupikia. Watu 40 kwa siku 4 ni lita 800. Kiriba cha ngozi ya mbuzi kikubwa huchukua lita 25 hivi, na ngamia wa mizigo ukimpakia kilo 150 hutembea siku nyingi bila kuchubuka mgongo, yaani viriba sita. Basi ngamia 6 wanakwenda kwa maji peke yake, kabla hujapakia mikeka, nafaka na bibi asiyeweza kutembea. Tena kiriba hupumua: maji hupenya ngozi na kukauka nje, ndiyo maana ya ndani huwa ya baridi, lakini kila siku hupungua. Ongeza robo ya akiba. Msafara wenye mzigo hukata kilomita 30 hadi 40 kwa siku, kwa hiyo safari yako ni kama kilomita 140. Hapo ramani yako imeshajichora: njia yoyote yenye mwanya mkubwa kuliko huo kati ya kisima na kisima haipitiki, na anayekikalia kisima cha katikati amewashika wote koo.

Sasa wanyama. Ngamia aliyekaa wiki nzima bila maji anaweza kunywa lita 100 kwa dakika kumi hivi. Chukua ngamia 60, lita 80 kila mmoja: lita 4,800. Kwa ndoo ya lita 10 ni ndoo 480. Kisima kirefu hakivutwi na mtu mmoja na kamba yake. Waborana wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini ya Kenya husimama ndani ya kisima kwenye vidato, mmoja juu ya mwenzake, ndoo zilizojaa zikipanda mkono kwa mkono na tupu zikishuka, huku wakiimba. Ule wimbo ni kipimo cha kazi. Ukikatika, mikono hupishana, ndoo ikamwagikia wa chini, na udongo ukaporomoka kwenye maji. Zikipita ndoo 4 kwa dakika, ngamia wako 60 wanamaliza kwa saa mbili. Kundi la pili lisubiri, la tatu lije kesho. Nani aamue nani kwanza? Waborana wana mtu wa kazi hiyo, mwenye zamu, humwita aba herega.

Hapa ndipo joka lako linapata kazi. Nasaba haiwekwi kwa kujisifia tu. Watoto wa Kisomali hufundishwa kuhesabu babu zao mmoja mmoja hadi mwanzo wa ukoo, kwa sababu hesabu hiyo ndiyo inayosema nani atakusaidia kulipa dia, yaani fidia ya damu, na nani utamsaidia. Dia ya mwanamume aliyeuawa ni ngamia 100, na hailipwi na muuaji peke yake. Ukoo mzima huchanga. Kwa Wanajoka, mtu akifika kisimani aseme babu zake hadi kwenye joka, na mwenye zamu asikilize. Anayekosea jina moja anarudi nyuma ya foleni. Sisi husema damu nzito kuliko maji. Wao huipima damu kwa maji yenyewe, ndoo kwa ndoo.

Kuhusu moto wa kinywani. Chini ya kisima kirefu hukusanyika hewa mbaya, nzito, isiyonusika. Mafundi wa visima hushusha taa kwanza; ikizimika, hakuna mtu kushuka. Moto nao hula hewa njema. Mwanajoka akipumua moto ndani ya kisima anawaua ndugu zake wa chini bila kuwagusa. Basi mwiko wao mkubwa uwe huo, na kila anayeshuka ajifunge kitambaa kinywani mbele ya mashahidi. Watuareg wa jangwa la Sahara, wanaume zao ndio hufunika uso: kitambaa kinazuia vumbi, na pia ni heshima, hasa mbele ya wakwe. Fanya vivyo hivyo. Kitambaa kilianza kisimani, baadaye mkwe haonekani kinywa mbele ya mama mkwe, na vijana hawajui tena kwa nini. Usiwaeleze wasomaji kwa maneno. Waonyeshe kisima mara moja tu.

Sasa mwili, na hapa nakuomba uwe makini, maana wengi hujichanganya. Joka ni jamaa wa mjusi na nyoka, na damu yao hupata joto nje, juani. Faida ni kubwa: mtambaazi hula kama sehemu moja ya kumi ya chakula cha mnyama wa damu moto aliye sawa naye kwa uzito, na hapotezi maji mengi kwa mkojo. Tazama kinyesi cha mjusi ukutani: cheusi, na ncha nyeupe. Ile nyeupe ndiyo mkojo wake, umekuwa kama chokaa. Hasara ni usiku. Jangwani hewa kavu haishiki joto, jua likizama baridi huingia mara moja, na mwenye damu baridi huganda. Atasafiri vipi na msafara wa usiku?

Mimi ningegawa kabila milango miwili, yaani koo kubwa mbili. Mlango wa Jua ni wenye magamba mengi: hunywa lita 2 badala ya 5, huvumilia mchana, alfajiri hawawezi hata kufunga mkanda. Mlango wa Mwezi wana ngozi ya kibinadamu: hunywa sana, lakini usiku ndio macho na miguu ya kabila. Msafara usio na wote wawili hufa, ama kwa kiu ama kwa kupotea. Kisha wape sharti la kuoana kati ya milango. Waborana wana nusu mbili, Sabo na Gona, na mtu huoa upande wa pili. Bila sharti hilo, damu ya babu hupungua nusu kila kizazi wakioa nje. Kizazi cha kumi kimebaki na moja juu ya 1,024. Na wakioana ndani ya mlango mmoja tu, watapata watoto wasioamka kabisa. Hadithi ya asili ndiyo ibebe mgawanyo huo. Wavietnam husimulia kuwa Lạc Long Quân, bwana wa ukoo wa joka, na mkewe Âu Cơ walipata watoto 100 kutoka mayai 100. 50 wakaenda na mama mlimani, 50 na baba baharini. Ngano nzima inaeleza kwa nini jirani wa juu ni ndugu.

Na salamu zao ziwe zinatoka huko huko. Asubuhi Mwanajoka amuulize mwenzake, "Umeota?" na ajibiwe, "Nimeota." Kuota jua na kuota ndoto, yote mawili mara moja. Baraza lisikae, ndoa isifungwe, hukumu isitolewe kabla ya jibu hilo, maana aliyeganda hawezi kujitetea.

Chumvi usiisahau. Umewahi kumuona kasa akipanda ufuoni kutaga: machozi mazito humtiririka. Anatoa chumvi. Baadhi ya mijusi wa jangwani huitoa puani, ikakauka nyeupe. Mwanajoka aifute kabla ya kumsalimu mzee. Hilo linatosha, mstari mmoja tu katika kitabu chako.

Mayai ndiyo yanastahili sura nzima. Jifunze kwa kasa. Hufukia mayai kama 100 au zaidi, yakakaa mchangani kama siku 60. Kuku hugeuza mayai yake kila siku. Yai la kasa, kijusi kikishajishika kwenye ganda, ukiligeuza kinakufa. Ndiyo maana wanaohamisha viota vilivyo hatarini Watamu na huku kwetu hufanya hima ndani ya saa chache baada ya kutagwa, na kila yai hushikwa kama lilivyolala. Sasa fikiri: kabila la kuhamahama, na mayai hayapandi ngamia. Kwa siku 60 hakuna kuhama. Watu 100 wakikaa pamoja siku hizo kwa lita 5, hizo ni lita 30,000, bila wanyama. Basi mchanga wa mayai lazima uwe kando ya kisima kisichokauka, na hapo ndipo penye vita vyako vyote. Mkunga hupaka kila yai alama ya mkaa upande wa juu. Adui hana haja ya kuvunja kitu. Akiingia usiku na kuyageuza, mkunga ataona asubuhi alama zimelala chini, na kizazi kimekwenda.

Tena joto la mchanga huamua jinsia. Kwa kasa, karibu na nyuzi 29 hutoka nusu kwa nusu; kukizidi, majike; kukipungua, madume. Upande wa kilima unaopigwa na jua wanazaliwa wasichana, upande wa kivuli wavulana. Anayeamua ukoo upi ufukie wapi ni mkunga. Usimfanye bibi wa pembeni wa kuchemsha dawa. Huyo ana nguvu kuliko jemadari wako.

Kujivua gamba nako si sherehe ya ngoma pekee. Nyoka akikaribia kujivua, jicho hugeuka rangi ya maziwa, haoni vizuri, na huwa mkali. Hewa ikiwa kavu mno gamba hung'ang'ania. Kwa mijusi hukaza vidoleni kama uzi, damu ikakatika, kidole kikaanguka. Kijana wa Mwanajoka aongozwe mkono siku hizo na mtani wake, anayeruhusiwa kutukanwa bila kukasirika. Apakwe samli, afungwe vitambaa vilivyolowa, apewe beseni la lita 10. Kwa hiyo jando lao hufuata mvua. Mwaka wa kiangazi hufanywa kwa samli tupu, na unaweza kujua mzee alivua mwaka gani kwa kuhesabu vidole alivyobaki navyo.

Nyumba na miaka nitazipitia upesi. Kwa Wagabra na Warendille wa Marsabit nyumba ya mikeka ni kazi na mali ya mke. Yeye huijenga, huibomoa na kuipakia juu ya ngamia. Ukimpa mwanamume hema, umebadilisha nani anafukuzwa na nani ndoa ikivunjika. Miaka ya Wagabra na Warendille huitwa kwa siku za juma, mwaka wa Ijumaa, mwaka wa Jumamosi, mpaka saba kisha huanza tena. Wanajoka nao watafute hesabu yao, isiwe ya namba tupu.

Ubaya wa ngano yako, mwanangu, niuseme wazi: umemweka mfalme mbaya ili mambo yaharibike. Huna haja naye. Tazama Shela, hapa kisiwani kwetu. Vile vilima vya mchanga hunywa mvua, na maji matamu yakakaa juu ya ya chumvi kwa sababu ni mepesi. Pwani, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hubeba kama mita 40 chini yake. Ukivuta mpaka mita hiyo moja ishuke, chumvi hupanda kwa hesabu ile ile. Kwenye magofu ya Takwa pale kisiwa cha Manda, wazee husema visima kugeuka chumvi ni sababu mojawapo ya watu kuhama. Kabila lako likiwa kando ya ziwa la chumvi kanuni haibadiliki, ingawa vipimo hubadilika. Mwenye zamu mwema, kwenye mwaka wa mayai mengi, anamwongezea kila mtu ndoo mbili kwa huruma. Siku ya 40 mtoto anaonja anatema. Zimebaki siku 20, na mayai hayagusiki.

Andika kwanza zamu ya siku hiyo moja, tangu "Umeota?" ya kwanza hadi ndoo ya mwisho, ukitaja kila ukoo na ndoo zake. Unitumie nikague hesabu. Dada zako wanakusalimu, na babako ameuliza kama lile koti la baridi lilikufika.

Wasalaam,
Mamako