Pakiti ya goti inayoganda kama tofali

Dada wa Jinja, umesema pakiti zako za baridi za kukandia goti zikitoka kwa friza zinakuwa ngumu hazizunguki mguu. Ni maji matupu hayo! Changanya vikombe 2 vya maji na 1 cha spiriti ya kusafishia vidonda, weka kwa mfuko wa plastiki mara mbili, itabaki ujiuji. Ila hiyo usiipashe moto kabisa, spiriti inawaka. Pakiti ya moto tumia mchele mkavu ndani ya kitambaa cha pamba, na ushone vyumba vidogovidogo maana mfuko mmoja mkubwa mchele wote unateremka chini, mi niliharibu tatu hivyo. Lastiki na velkro za kuifungia gotini zipo soko la Owino, Kampala. Ya baridi isiguse ngozi, dakika 15 hadi 20 unatoa.