Maswali ya Wasomaji: Kisu Kinachotafuna Mfuko

SWALI: Nina kisu cha kukunja chenye mpini wa G10 wenye meno meno kama tupa. Mkononi hakitelezi hata kikilowa, na ndiyo maana nilikinunua. Tabu ni mfukoni: kukitoa ni kuvutana nacho, na pindo la suruali limeshaanza kutoa nyuzi. Nilegeze klipu inayokishikiza mfukoni, au nipige msasa mpini mzima?

JIBU: Usifanye lolote kati ya hayo. Klipu ikilegea, kisu kitadondoka siku utakayoinama. Mpini ukilainishwa wote, umeipoteza sifa uliyoinunulia. Kinachokula suruali yako ni kile kipande kidogo kilicho chini ya klipu: hapo kitambaa kinabanwa kati ya chuma na meno ya mpini, na kila ukivuta kinasagwa. Lainisha hapo tu.

Kabla ya kufungua klipu, zungushia alama ya penseli. Skrubu zake mara nyingi ni za nyota ya ncha sita, T6 au T8. Bisibisi ikae sawasawa, maana inayochezacheza hula kichwa cha skrubu. Ikigoma, huenda ilitiwa gundi. Igusishe ncha ya pasi ya kulehemu iliyopata moto kwa sekunde kumi hivi, kisha jaribu tena. Usitumie nguvu kwanza.

Bandika selotepu ya karatasi kuzunguka eneo la kazi, ukiacha milimita 3 nje ya alama kila upande, na sentimita 1 kupita ncha ya klipu, kwa sababu kitambaa kinaingilia hapo. Kisu kikiwa kimefungwa, ziba na mwanya ambamo bapa, yaani sehemu ya kukatia, hujikunjia. Chukua msasa wa maji namba 220, ukunje kwenye kijiti bapa, lowesha, sugua kwa kufuata urefu wa mpini. Simama mara vilele vya meno vinapolala. Huna haja ya kufika chini ya mabonde. Malizia na namba 400, halafu 600.

Maji hayo si ya urembo. G10 ni tabaka za kitambaa cha nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ngumu iitwayo epoksi, na vumbi lake halifai kwenye mapafu, tena huwasha ngozi. Vaa barakoa hata kama unasugua kwa maji, na tope lake lifute kwa karatasi ya kutupa. Likiachwa likauke, linarudi kuwa vumbi.

Kosa linaloharibu kisu ni kusugua pale klipu inapokalia kwenye skrubu. Mpini ukipungua hapo, skrubu zinazama zaidi kuliko zamani, na ncha zake zinaweza kutokeza ndani na kuchora bapa. Pafunike kwa selotepu tangu mwanzo.

Osha, kausha, tia tone la mafuta kwenye ekseli ya bapa, rudisha klipu. Sehemu iliyosuguliwa itaonekana imepauka. Ukipaka mafuta ya madini kidogo na kufuta, rangi inarudi kwa kiasi, na klipu inaficha kinachobaki. Jaribu kwa kitambaa chakavu cha jinzi. Kikikwama bado, rudia namba 400 kabla ya kuilaumu klipu.

SWALI: Na mpini wa plastiki ngumu? Au wa mpira?

JIBU: Plastiki ya nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo ukiisugua ikiwa kavu hupata joto na kuota manyoya. Simamisha wembe wima na uparue vilele polepole, kisha pitisha msasa namba 400 wenye maji. Barakoa ni ile ile.

Mpira achana nao. Msasa hauuondolei mng'ang'anio, unauchubua tu. Safisha kwa spiriti sehemu iliyo chini ya klipu, ubandike kipande cha utepe mwembamba unaoteleza, kingo zake zikiwa zimekatwa mviringo, maana pembe kali ndiyo huanza kubanduka. Ukibanduka, badilisha.