Muulize Mkunga: "Mashavu yamejaa, karatasi inasema FS"

Shikamoo bibi. Mwanangu ana wiki tano. Siku ya pili baada ya kujifungua, muuguzi alimchoma kisigino akadondosha damu kwenye kadi yenye viduara. Juzi nimeitwa, nikapewa karatasi imeandikwa FS, wakasema inaonyesha selimundu. Mtoto ananyonya vizuri, mashavu yamejaa. Mama mkwe anasema kwao siko seli haipo, nitafute nilikoitoa. Mume wangu kanyamaza tu. Nirudi kliniki, au nisubiri nione kama ataumwa?
Mama Mchanga, Mbagala

Marahaba, mwanangu. Usisubiri aumwe.

Mashavu yasikudanganye. Hiyo F ni damu aliyotoka nayo tumboni mwako, na ndiyo inayomkinga sasa. Inapungua mwezi hadi mwezi. Akikaribia miezi sita, S, damu ya selimundu, ndiyo itakayotawala. A ni damu ya kawaida: mtoto asiye na tatizo husomeka FA, aliyerithi S upande mmoja FAS. Wako hana A hata kidogo. Kipimo kirudiwe kuthibitisha, ila kliniki nenda wiki hii hii.

Nakuharakisha kwa sababu ya bandama. Selimundu huiharibu mapema, na bandama ndiyo inayopambana na vijidudu vya nimonia. Nilipokuwa wodini, kadi hizi hazijaja, tuliletewa mtoto wa miezi tisa, vidole vimevimba kama ndizi. Mama alidhani kang'atwa na siafu. Tukampa dawa ya maumivu, wakaenda zao. Hakuna aliyewaza selimundu, na mimi nilikuwepo. Wiki mbili baadaye homa ikamrudisha usiku. Asubuhi hatukuwa naye.

Wako watamwanzishia penisilini, kwa kawaida miligramu 125 asubuhi na jioni, dozi ikiongezwa akifika miaka mitatu. Huko Marekani utafiti wa dawa hii, uliochapishwa mwaka 1986, ulisimamishwa kabla ya muda wake: maambukizi makali yalipungua kwa asilimia 84, ikaonekana si haki kuendelea kuwanyima wengine. Wiki ijayo ana chanjo ya nimonia, usiikose. Chandarua kila usiku. Waombe wakufundishe kumpapasa bandama, chini ya mbavu za kushoto. Ikivimba ghafla naye akapauka, au akichemka homa, ni hospitali usiku huo huo, si panadoli na kungoja kukuche.

Sasa mama mkwe. Mwambie kwa adabu: kipimo kikithibitisha, S moja ni yako, nyingine ni ya mwanawe. Nyie wazima kwa kuwa kila mmoja ana A yake. Hapa hapa Dar, kati ya 2015 na 2016, walipimwa watoto wachanga karibu 4,000, na zaidi ya 500 walikutwa na S moja. Ni kama mmoja kwa kila wanane. Ukipanda daladala ya Mbagala, hesabu waliosimama peke yao.

Mumeo aende nawe, naye apimwe. Mkitaka mtoto mwingine, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kurudia haya, na hilo mlizungumze wawili, mama akiwa jikoni.