Mtoto Amegusa Mpira Mara Ngapi Leo?

Jumamosi vijana wangu wa chini ya miaka 13 waliifunga 3-1 timu iliyotupiga saba bila mwaka juzi. Niliweka picha, na tangu hapo simu haijapumzika. Kocha mmoja wa Tanga ameniandikia: "Kocha, pole na kazi. Naomba programu yako ya mazoezi." Ndugu yangu, nitakupa, ila kwanza ujue imetoka wapi.

Mwaka juzi nilikuwa na watoto 24, mipira minne na uwanja wa mchanga huku Mbagala. Kila siku tulianza kwa kuzunguka uwanja mara sita. Nilikuwa bado na kidonda cha Aprili 2019, Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya chini ya miaka 17, walipofunga mabao manne Uwanja wa Taifa na bado wakapoteza 5-4 kwa Nigeria. Mtaani kwetu walisema watoto hawana pumzi. Nikaapa wangu watakuwa nayo. Baada ya mizunguko, mstari mmoja mbele ya goli: mtoto anapiga shuti, anaufuata mpira, anarudi nyuma ya foleni kusubiri zamu.

Kulikuwa na mzazi aliyezoea kukaa juu ya tofali chini ya mwembe. Siku moja alinifuata na karatasi aliyoichora vijistari kwa kalamu. "Mwalimu, dakika tisini nzima mwanangu kagusa mpira mara kumi na tisa." Nikamjibu vibaya mbele ya wazazi wenzake: kama anajua mpira, aje afundishe yeye. Mtoto hakurudi tena. Alikuwa na mguu wa kushoto ambao mpaka leo sijapata mfano wake, na bado inaniuma.

Wiki iliyofuata nilimpa msaidizi wangu daftari awahesabie watoto watatu kimyakimya, kila mmoja kagusa mpira mara ngapi. 22, 17, 14. Yule wa 14 ndiye niliyekuwa namgombeza kila siku kwamba hajui kutuliza mpira. Angejifunzia wapi?

Programu ni hii. Dakika 15 za kupasha mwili kwa FIFA 11+ Kids, mazoezi saba ya watoto wa miaka 7 hadi 13, yakiwemo ya kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kuanguka bila kuumia. Dakika 20 za rondo, makundi manne ya watoto sita: wanne nje wanapasiana, wawili kati wanakaba. Maji dakika 5. Kisha dakika 35 za nne kwa nne, viwanja vitatu vidogo, magoli ya ndala. Dakika 15 za mwisho, mechi ya wote. Foleni hakuna. Tumia mpira namba 4. Namba 5 ni mzito kwa miguu hiyo.

Na somo liwe moja tu kwa siku. Tulipofundisha kuangalia nyuma kabla ya kupokea pasi, nilisimama mgongoni kwa yule mtoto wa mara 14 nikiinua vidole. Pasi inakuja, na kabla haijamfika lazima ageuze shingo na kutaja idadi. Siku ya kwanza aliutazama mpira tu, akakosea vyote. Wiki ya tatu akawa anasema "vitatu!", anafungua mwili na kuondoka na mpira kwa mguu wa mbali, mkabaji kabaki nyuma. Bao la pili la Jumamosi lilianzia hapo hapo.

Makocha wenzangu, acheni kuwakimbiza watoto kama wanajeshi. Pumzi wataipata humo humo kwenye nne kwa nne, wakiwa na mpira mguuni. Andika mazoezi usiku wa kuamkia siku yenyewe, usiyapange ukiwa juu ya bodaboda. Mtoto amekuja kwa miguu kutoka shuleni, pengine na njaa, kwa sababu anaupenda mpira. Ukimpa mara 14 umemdhulumu. Mimi niliwadhulumu watoto wa watu mwaka mzima, na aliyeniambia ukweli nilimfukuza.

Kocha wa Tanga, kesho nenda na daftari. Chagua watoto watatu: hodari, wa kati, na yule unayemgombeza. Ukimaliza nitumie namba zako tatu, tuanzie hapo.