Insulini Yangu Iliganda Kabla ya Kufika Uwanja wa Ndege

Juzi dada mmoja kijana aliniandikia. Amefungua ofisi ndogo ya kusafirisha mizigo kule Embakasi, na mteja wake wa kwanza wa maana anataka katoni za insulini zifike Mogadishu. Swali lake lilikuwa moja tu: "Kaka, niweke vifuko vingapi vya barafu ili zisipate joto?" Nilisoma ujumbe ule mara mbili, nikaweka simu chini, nikatoka nje kupunga hewa. Swali hilo hilo lilinigharimu gari na mteja, na nusura linigharimu kazi yenyewe.

Najua wengi mnaonisoma mnataka kutoka kwenye mizigo ya nguo na vipuri muingie kwenye dawa. Ni ndoto nzuri. Dawa inalipa, na ina heshima yake. Basi nisikilizeni.

Ilikuwa Julai 2017. Nilikuwa na miaka mitatu kazini, nikijuana na kila mlinzi wa lango la mizigo pale JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, na nilijiona nimeiva. Muuzaji mmoja wa dawa katika Eneo la Viwanda akanikabidhi katoni kumi na mbili za insulini za hospitali moja ya Juba. Maagizo yalikuwa wazi: nyuzi 2 hadi 8, mwanzo hadi mwisho. Mimi akilini nilikuwa na kitu kimoja, jua la Juba. Niliwahi kushuka pale nikahisi lami ikinichoma kupitia soli za viatu. Kwa hiyo nilinunua maboksi mazito ya povu, nikatoa vifuko vya barafu kwenye friza vikiwa vigumu kama mawe, nikavipanga chini, juu na pande zote, vikigusa katoni. Vilivyobaki nikavisokomeza kwenye kila pembe. Nilifunga maboksi yale kwa fahari. Muuzaji alikuwa ametia ndani kirekodi joto, kile tunachokiita loga, nami nikafurahi kwamba kazi yangu itakuwa na shahidi.

Mombasa Road ilikuwa imefungana. Tulikaa kwenye foleni muda wa saa mbili na zaidi, na kila dakika nilikuwa nikiwaza joto. Uwanjani mambo yakaenda vizuri. Mzigo ukapokelewa, ukapakiwa, ukatua Juba siku hiyo hiyo. Jioni nilimpigia mama simu kumwambia kwamba mwanawe sasa anasafirisha dawa.

Asubuhi yake mfamasia wa hospitali akanitumia picha ya mchoro wa loga. Mstari ulikuwa umeporomoka hadi nyuzi 3 chini ya sifuri, na uliporomoka katika saa mbili za kwanza. Wakati mimi nikiliogopa jua la Juba, dawa ilikuwa ikiganda nyuma ya kiti changu, kwenye foleni ya Mombasa Road, hata uwanja wa ndege hatujauona.

Insulini ikishaganda haifufuki. Ikiyeyuka, kichupa kinaweza kuonekana kizima kabisa, lakini huwezi tena kuiamini nguvu yake. Mgonjwa anajidunga, sukari haishuki, na hajui kwa nini. Shangazi yangu kule Machakos anajidunga asubuhi na jioni. Nilipofikiria kichupa kama kile kikiwa mkononi mwake, chakula kilinishinda. Katoni zote kumi na mbili ziliteketezwa. Niliuza Probox yangu nikalipa. Muuzaji aliniita akanisomea hasara ile mbele ya vijana wake wa ghala, na mmoja wao nilikuwa nimemtafutia mimi kazi pale. Pesa nimezisahau. Chumba kile sijakisahau, na sioni haya kusema kwamba bado kinaniuma.

Aliyenifungua macho hakuwa mtu wa ndege. Alikuwa jirani yetu Donholm, muuguzi wa chanjo. Siku moja nilimkuta akitayarisha kibebeo chake cha kwenda vijijini. Vifuko alikuwa amevitoa kwenye friza na kuvitandaza mezani, kila kimoja peke yake. Hakuangalia saa. Alingoja vitoe jasho, kisha akachukua kimoja baada ya kingine, akakitikisa karibu na sikio. "Nikisikia maji yanacheza ndani, kimekuwa tayari," akaniambia. Barafu iliyoanza kuyeyuka iko kwenye sifuri, haiwezi kukugandishia dawa kama ile iliyotoka friza ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Jambo ambalo wauguzi wetu wa zahanati wanalifanya kila wiki, mimi mwenye kitambulisho cha uwanja wa ndege shingoni sikulijua.

Kwa hiyo mdogo wangu, usianze na idadi ya vifuko. Anza na hali yake. Weka kizuizi cha kadibodi kati ya barafu na katoni. Ukiwa na uwezo, nunua vifuko vya kisasa vinavyoyeyuka kwenye nyuzi 5, na ufuate maelezo ya aliyevitengeneza. Na asikudanganye mtu kwamba barafu kavu ni bora zaidi. Ile ni kaboni dioksidi ya nyuzi 78 chini ya sifuri, mzigo wa hatari unaotangazwa kwa namba UN1845, na insulini yako itageuka jiwe.

Kibali cha Bodi ya Dawa na Sumu na karatasi za forodha utazizoea, sitakaa hapo. Lebo ya buluu ya mizigo ya joto maalumu ndiyo ninayotaka uiangalie kwa macho yako mwenyewe. IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, iliifanya ya lazima tangu 2012, na ni lazima iandikwe kiwango cha joto, kile kile kilicho kwenye hati ya kusafirishia mzigo kwa ndege. Lakini lebo haina feni. Haipoozi kitu. Kama hukuomba nafasi katika chumba cha baridi na kuthibitishiwa, boksi lako litakaa pale litakapowekwa. Tena ukitaka nafasi Februari, omba mapema sana, kwa sababu wiki za kabla ya Valentine waridi za Naivasha hujaza ndege zote.

Angani dawa hukaa vizuri mara nyingi. Huumia chini, mkono mmoja unapoikabidhi kwa mwingine. Machi 2021, chanjo za kwanza za Korona zilipotua JKIA, dozi zaidi ya milioni moja, watu walitazama viongozi waliokuja kuzipokea. Mimi nilitazama masanduku yanakaa muda gani nje. Wewe pia jifunze kutazama hivyo. Nenda na mzigo wako. Uliza jina la anayeupokea. Uliza upya zamu zinapobadilishana. Watakuona msumbufu, wewe uliza tu, kwa sababu upande wa pili kuna shangazi wa mtu.

Wiki iliyopita nilipeleka insulini Juba tena. Saa 31 tangu ghalani hadi kwenye friji ya hospitali, na mstari wa loga ulilala kati ya nyuzi 4 na 6 njia nzima. Mfamasia ni yule yule wa 2017. Aliandika neno moja, "Asante," nami nimeihifadhi picha ya mchoro ule kwenye simu kama picha ya mtoto.

Halafu kuna jambo moja hukuniambia: ndege yako inaondoka siku gani? Ijumaa Mogadishu ofisi zimefungwa. Kama umeshika nafasi ya Alhamisi jioni, piga simu leo uibadilishe iwe Jumapili.