Gari ya turbo imechemsha? Uliza kwanza imechemshia wapi

Vijana mnaoanza ufundi, na nyie mnaozileta Subaru WRX na Forester za turbo huku Kusini, hii ni yenu. Gari ikija imechemsha kila mtu anakimbilia kuuliza maji yapo au hayapo. Mimi nauliza imechemshia wapi. Ilikuwa kwenye foleni nyuma ya malori ya korosho yanayoelekea bandarini Mtwara, au ilikuwa inafunguka baada ya Mingoyo, au ilikuwa inapanda Newala? Dereva akikujibu hapo vizuri kazi imepungua nusu, maana injini inapozwa hasa na vitu viwili, maji yanayozunguka ndani na hewa inayopita kwenye rejeta, na kila kimoja kikipungua kinajionyesha kwa wakati wake.

Ikipanda joto ukiwa umesimama au unatambaa halafu ukikimbia inashuka yenyewe, tatizo ni hewa, yaani feni. Ukishafika spidi 60 au 70 upepo wa barabarani unatosha, feni haina kazi kubwa tena, ndo maana inapona. Anza na fyuzi, rilei, soketi. Sisi wa pwani soketi tuziangalie mara mbili, chumvi ya hewani inaotesha ule ukungu wa kijani kwenye pini, feni inapata umeme kiduchu inazunguka kivivu. Halafu usiridhike kwa kuona feni inazunguka. Ililetwa Forester moja hapa imeshabadilishwa rejeta, thamostati (kile kilango kinachofunguka maji yakipata moto) na wota pampu, mwenye gari hela imemwishia na uvumilivu pia, feni zote mbili zinazunguka vizuri tu. Nikachukua risiti ya sheli nikaisogeza mbele ya kondensa ya AC, ile inayokaa mbele ya rejeta, upande mmoja ikanasa, upande wa pili ikarushwa ikaanguka chini. Aliyeunga ile soketi aligeuza waya, feni moja inavuta nyuma mwenzake anasukuma mbele, hewa ya moto inazunguka palepale. Tukageuza waya mbili, basi. Kwa hiyo karatasi kwanza ndo mfikirie kununua spea.

Ikiwa kinyume chake, mjini gari poa lakini ukiiminya barabara ndefu mshale unapanda, hapo feni waache wapumzike. Tafuta maji yasiyozunguka vya kutosha: rejeta imeziba ndani, thamostati haifunguki mpaka mwisho, wota pampu mabawa yameliwa. Au rejeta ni nzima ila hewa haipiti ndani yake. Hili la mwisho watu wanalidharau sana. Ile kava ya plastiki ya chini ya bampa ikishapasuka kwenye mchanga wa Msimbati mtu anaing'oa anaitupa, anasema inapiga kelele, kumbe ndo inayolazimisha upepo upite kwenye rejeta badala ya kukatiza chini. Na zile sponji za pembeni ya rejeta nazo hivyohivyo, hewa ni mvivu, ikiona upenyo pembeni inapita huko. Mnaofunga intakula kubwa ya mbele, yaani kile kipozaji cha hewa ya turbo, ndo kabisa, umeweka kitu cha moto mbele ya rejeta, na hewa iliyobaki inayumbayumba.

Sasa kupanda Newala ni mtihani wa peke yake, injini inafanya kazi ngumu, turbo inapiga, halafu spidi ni ndogo, joto jingi hewa kidogo. Gari ikipita mlima ule AC ikiwa on na namba hazijasogea sana ujue mfumo wako uko fiti.

Nimesema namba. Usiendeshe gari ya mwendo kwa kuangalia mshale wa dashibodi. Gari nyingi za kisasa mshale ule umefundishwa kukaa katikati, maji yawe digrii 80 au yawe 100 wenyewe umetulia, ukija kuuona unapanda mambo yameshaharibika. Nunua kile kidude cha OBD cha blututhi, chomeka chini ya stelingi, fungua programu kwenye simu, usome joto la maji moja kwa moja kutoka kontrolo boksi, ile kompyuta ya injini. Baadhi ya Subaru za zamani za soko la Japani hazikubaliani na hivi vidude vya bei rahisi, hizo funga geji ya pembeni. Kwenye injini za EJ za Subaru thamostati inaanza kufunguka kwenye 76 mpaka 80 na inafunguka yote kwenye 91, feni zinaingia karibu na 95. Kwa hiyo ukitembea kawaida unatarajia kuona 85 hadi 95. Ikivuka 100 toa mguu. Ikifika 110 usijadiliane nayo, tafuta pa kuegesha. Na maji yakisoma 80 asubuhi haina maana injini imepata moto, oili inachelewa nyuma, ipe dakika kadhaa za mwendo wa kistaarabu kabla hujaamsha turbo.

Kuna hii tabia ya kutoa thamostati eti huku kwetu joto. Jamani. Injini ikikosa thamostati inatembea baridi barabarani, kontrolo boksi inadhani gari ndo kwanza imewashwa inaendelea kumwaga mafuta, petroli inashuka kwenye oili, silinda zinalika. Na ugonjwa wenyewe upo palepale, umeuficha tu mpaka siku uko Nangurukuru usiku. Weka thamostati mpya, ikiwezekana ya Subaru wenyewe, ukizishika mkononi mbili utaona ya kwao ni kubwa kuliko nyingi za kuiga.

Mfuniko wa rejeta nao. Ule sio kizibo cha chupa, una springi inayoshikilia presha. Mfuniko wa baa 1.1 ukiwa mzima maji yanavumilia mpaka kama 120 ndo yachemke, springi ikichoka yanachemka kwenye 100. Feni inaingia 95, umebaki na digrii tano tu za kuchezea! Mfuniko ni kati ya spea za bei ndogo kwenye mfumo huu na ndo wa mwisho kubadilishwa, sijui kwa nini. Kwenye Subaru nyingi za turbo iko miwili, mmoja kwenye rejeta na mwingine kwenye tanki dogo la juu karibu na turbo, presha zao hazifanani, usiibadilishane.

Maji ya kisima usiweke. Visima vyetu vingi vya pwani vina chumvi, yanaacha magamba ndani ya rejeta na yanakula aluminiamu. Changanya kulanti na yale maji ya betri ya kwenye chupa, maji nasema, sio asidi, soma lebo. Kwetu hakuna barafu kama Hokkaido kwa hiyo nusu kwa nusu sio lazima, maji yanabeba joto vizuri kuliko kulanti, ila usishuke chini ya theluthi moja maana kulanti ndo inayozuia kutu. Rangi isikudanganye, kijani au pinki ni rangi tu, kampuni hazijakubaliana, ukitaka kuhamia aina nyingine mwaga yote usafishe kwanza. Na ile uliyomwaga usiiache kwenye beseni uani, ni tamu na ni sumu, paka na watoto wanaionja.

Kujaza nako kuna ufundi, injini ya kulala kama ya Subaru inashika hewa sana. Pandisha pua ya gari, jaza polepole sana ukianzia tanki la juu, minyaminya mpira mkubwa wa rejeta utasikia hewa inagugumia inatoka, hita weka kwenye moto mpaka mwisho, washa, subiri feni ziingie mara mbili tatu, hita ikitoa hewa ya baridi wakati maji ni ya moto ujue kuna hewa imebaki. Mtu akijaza dakika tano akafunga boneti hiyo gari itarudi.

Ikikuchemkia njiani, zima AC, fungua vioo, washa hita moto wote na feni yake mwisho, utatoka jasho lakini ile ni rejeta ndogo ya ziada. Joto likishuka endelea taratibu. Likigoma, au ukiona mvuke, egesha uzime, maji yakishatoka kila dakika unayoendelea kuwasha unapinda hedi, kile kifuniko cha silinda. Mfuniko usiguse, ndani kuna maji ya zaidi ya 100 yanasubiri upenyo tu yawe mvuke usoni kwako. Minya mpira wa juu na kitambaa, ukiwa mgumu bado, ukiwa laini umepoa. Na maji ya baridi usimwagie injini ya moto, hata wale vijana wa kijijini wakija na ndoo kwa nia njema washukuru, ndoo iweke pembeni.

Ukishajaribu yote haya na bado inapanda kila ukiiminya, toa kifuniko cha chupa ya akiba, ile ya plastiki isiyo na presha, sio mfuniko wa rejeta wala wa tanki la juu, injini ikiwa inanguruma uangalie ndani. Mapovu yakitoka mfululizo bila kukoma hata baada ya kutoa hewa vizuri, ule ni moshi wa silinda unaingia kwenye maji, gasketi ya hedi imeachia. Hapo mwambie mwenye gari ukweli siku hiyohiyo, injini inashuka, hedi zinapimwa unyoofu na kuchongwa, gasketi zinabadilishwa pande zote mbili, na asikubali mtu amuuzie dawa ya kumimina.